Dhahabu Haipimwi kwa Jicho

Askari anapomaliza utumishi wake hurejea nyumbani na kiinua mgongo, na mara nyingi hiyo ndiyo fedha kubwa kuliko zote atakazozishika kwa mara moja maishani mwake. Ni jasho la miaka mingi. Ndani yake mna karo ya watoto, mabati ya nyumba na ng'ombe wawili watatu wa kuanzia maisha mapya. Katika miji ya mpakani kama Arua na Koboko, habari za fedha ya namna hiyo hazikawii kuenea. Mgeni mwenye maneno laini hubisha hodi jioni, akakaribishwa, akafungua kitambaa kilichokunjwa mara tatu, na ndani yake kikang'aa kitu cha manjano.

"Afande, hii imetoka Durba," husema kwa sauti ya chini. "Ndugu yangu ameitoa shimoni kwa mikono yake. Mimi nataka nusu ya bei tu, lakini iwe leo hii."

Mama wa nyumba, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, huwa na swali moja tu: "Mzee, tutajuaje kama ni yenyewe?"

Swali hilo si dogo. Wataalamu wakubwa wa dunia wameliuliza kwa zaidi ya miaka 100, na majibu waliyoyapata yanastahili kujulikana katika kila nyumba ya askari na polisi, kwa kuwa yanaweza kuiokoa akiba ya jamaa nzima.

NJIA YA DHAHABU

Si ajabu kwamba hadithi za namna hii husikika West Nile. Mwaka 1903 watafutaji wawili wa madini kutoka Australia, Hannam na O'Brien, waliikuta dhahabu katika bonde la mto Ituri, ng'ambo ya mpaka, na tangu hapo majina ya Kilo na Moto yamekuwa yakitajwa pamoja na dhahabu. Mgodi mkubwa wa Kibali, ulio karibu na Durba, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2013, nao uko yapata kilomita 150 magharibi ya Arua. Zaidi ya mgodi huo wa kampuni wapo wachimbaji wadogo wengi wanaochimba kwa sururu na karai, na sehemu ya wanachokipata husafiri na biashara nyingine kupitia soko la Ariwara hadi Arua. Koboko nayo iko jirani na Salia Musala, mahali zinapokutana nchi tatu: Uganda, Kongo na Sudan Kusini.

Historia nayo haikosi ushahidi wake. Tarehe 4 Februari 1966, Bungeni mjini Kampala, mbunge Daudi Ocheng alitoa hoja juu ya dhahabu na pembe za ndovu zilizosemekana kuvuka mpaka huu wakati wa vita vya Kongo. Mabishano yaliyofuata yaliitikisa serikali nzima, na tume ya uchunguzi ikaundwa.

Kwa hiyo dhahabu ya kweli ipo, na hupita. Jambo hilo ndilo linalompa tapeli nguvu, kwa maana uongo wake ameujenga juu ya msingi wa ukweli. Anayetaka kuutenga uongo na ukweli hana budi kujua dhahabu imejengwaje kwa ndani.

GWARIDE LA ATOMI

Kila kitu duniani kimefanyizwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomi. Katika metali atomi hazikutupwa ovyo kama kokoto barabarani. Zimejipanga safu kwa safu, mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini, mithili ya kikosi kilichosimama gwarideni. Kitu ambacho atomi zake zimejipanga hivyo huitwa fuwele. Chembe ya chumvi ni fuwele, chembe ya sukari ni fuwele, na kipande cha dhahabu pia ni mkusanyiko wa fuwele nyingi ndogo zilizoshikamana.

Mama auzaye machungwa sokoni anaujua mpangilio wa dhahabu bila ya kufundishwa darasani. Akiisha kupanga safu ya chini, kila chungwa la juu hulikalisha katika kishimo kilichoachwa na machungwa ya chini yake, na kwa hiyo lundo lake haliporomoki. Atomi za dhahabu hukaa vivyo hivyo, kila moja ikigusana na nyingine 12. Mpangilio huo ukichorwa hutoa umbo la mchemraba wenye atomi moja katika kila pembe na moja katikati ya kila uso. Upande mmoja wa mchemraba huo una urefu wa takriban sehemu 4 za milioni 10 za milimita. Kwa kuwa atomi zenyewe ni nzito, na zimebanana sana, dhahabu safi ni nzito kuliko maji kwa mara 19.3.

VIJANA WA JESHI WALIOISOMA MIALE

Jicho haliwezi kuyaona hayo, wala darubini ya kawaida. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen wa Ujerumani aligundua miale ya eksirei, ile ile ambayo hospitali huitumia kupiga picha ya mfupa uliovunjika. Mwaka 1912 Max von Laue na wenzake walionyesha kwamba miale hiyo ikipita katika fuwele hutokea upande wa pili ikiwa imegawanyika, na huacha madoa yenye taratibu juu ya bamba la picha.

Sababu yake inaweza kufahamika uwanjani. Anayelitazama gwaride kutoka pembe fulani huona vichochoro vimefunguka wazi kati ya safu. Akisogea hatua mbili, vichochoro hivyo hufungwa na vingine hufunguka. Eksirei huwa na tabia inayokaribia hiyo. Katika pembe fulani mawimbi yarudishwayo na safu za atomi huungana na kutiana nguvu, na katika pembe nyingine huuana. Mtaalamu akizipima pembe hizo, hujua umbali ulio baina ya safu na namna kikosi kizima kilivyopangwa.

Kazi hiyo ya kusoma pembe iliwekwa misingi na kijana William Lawrence Bragg pamoja na baba yake, William Henry Bragg. Mwaka 1915 walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja, na kijana huyo alikuwa na umri wa miaka 25 tu. Habari za tuzo zilimkuta Ufaransa vitani, akiwa afisa wa jeshi la Uingereza aliyepewa jukumu la kutambua mahali mizinga ya adui ilipofichwa kwa kuupima mlio wake. Mwaka huo huo ndugu yake, Robert, alikufa katika vita vya Gallipoli.

Huko huko Gallipoli, tarehe 10 Agosti 1915, aliuawa afisa mwingine kijana, Henry Moseley, mwenye umri wa miaka 27. Mwaka 1913 Moseley alikuwa amethibitisha kwamba kila elementi, ikipigwa kwa nguvu ya kutosha, hutoa eksirei yake peke yake isiyofanana na ya nyingine, kama vile kila askari alivyo na namba yake. Dhahabu ina namba 79, shaba 29, risasi 82. Vipimo vya dhahabu vitumikavyo leo vimesimama juu ya kazi ya vijana hao.

DHAHABU ILIYOACHA SAFU

Kwa muda mrefu mpangilio wa lundo la machungwa ulijulikana kuwa ndio mpangilio pekee wa dhahabu katika hali ya kawaida. Mwaka 2011 wataalamu wa Singapore walitengeneza vipande vyembamba mno vya dhahabu ambavyo matabaka yake yalifuatana kwa utaratibu mwingine. Mwaka 2015 G. U. Kulkarni na wenzake wa Bangalore, India, walitoa habari ya kushangaza zaidi. Walikuwa wamepata fuwele ndogo za dhahabu, kila moja na umbo la piramidi mbili zilizounganishwa kitako kwa kitako, na ndani yake atomi hazikufuata mpangilio uliozoeleka. Kisanduku chake kilikuwa na atomi katika pembe na moja katikati ya tumbo. Tena hakikuwa mchemraba kamili, kwani pande zake hazikulingana.

Ilikuwaje dhahabu ikaacha safu yake? Fuwele hizo hukua kwa vipande vitano vinavyokutana katika mhimili mmoja. Mtu akikata vipande vitano vya chapati, kila kimoja na pembe ya nyuzi 70 na nusu, kisha akavipanga kuzunguka sahani, ataona mwanya mdogo umebaki, kwa sababu duara zima ni nyuzi 360 na vipande vyake vinafika 352 na nusu tu. Fuwele haikubali kubaki na mwanya huo; hujivuta ili kuuziba, na kwa kujivuta huko hupata mkazo. Mkazo wa namna hiyo wataalamu huuhusisha na safu kuhama. Fuwele hizo ziliweza kudumu katika mpangilio wao mpya, lakini zikitiwa moto mkali hurudi katika mpangilio wa kawaida.

Kuthibitisha jambo hilo hakukuwa kwepesi. Fuwele yenyewe ni ndogo kuliko punje ya unga, na mwale wa mtambo wa kawaida ungeimeza pamoja na jirani zake zote. Ulihitajika mwale mwembamba na wenye nguvu kubwa, utokao katika mitambo ya mviringo ambamo elektroni hukimbizwa kwa mwendo unaokaribia ule wa mwanga. Mwale huo hupitishwa juu ya fuwele moja hatua kwa hatua, na kila hatua huandikwa.

Hapa pana mafunzo mawili kwa jamaa ya askari. La kwanza ni kwamba wataalamu wale, waliotengeneza dhahabu yao wenyewe mbele ya macho yao wenyewe, hawakuyaamini macho hayo. Waliiuliza dhahabu kwa miale, wakaiuliza tena, ndipo wakanena. Ikiwa wao hawakuthubutu kusema kwa kutazama tu, mnunuzi wa jioni mwenye taa hafifu anatoa wapi uhakika wake?

La pili ni kwamba matapeli hupenda kuvaa joho la sayansi. Asije mtu akasema kwamba kipande chake kina rangi ya ajabu au wepesi wa ajabu kwa sababu ni "dhahabu ya aina mpya". Dhahabu yenye mpangilio mpya ni chembe za maabara ambazo jicho tupu halizioni vema, na haichimbwi shimoni wala haiuzwi kwa kitambaa. Hata hivyo, atomi zake zimebaki kuwa zile zile, namba 79. Kikosi kikibadili safu, askari wake hawageuki kuwa watu wengine.

MASWALI MATATU, MAJIBU MATATU

Kipande kinachoitwa dhahabu kinaweza kuulizwa maswali matatu, na kila swali lina kipimo chake. La kwanza: kina elementi gani? Kipimo chake ni kile kilichozaliwa na kazi ya Moseley. Kifaa chenye umbo la bastola huelekezwa juu ya kipande, hukipiga kwa eksirei, kikasoma eksirei irudiyo, na katika muda mfupi huonyesha ni kiasi gani cha dhahabu, fedha au shaba kilichomo. Walakini kifaa hicho husoma ngozi tu; hakivuki sehemu ndogo sana ya milimita. Kipande cha risasi kilichopakwa dhahabu nene chaweza kukipita.

La pili: atomi zake zimepangwaje? Hiki ni kipimo cha akina Bragg. Madini ya pairiti, ambayo hung'aa kwa manjano na kuwadanganya wengi, hujulikana hapo mara moja, kwa maana safu zake za chuma na salfa si safu za dhahabu. Kipimo hiki nacho husoma karibu na uso.

La tatu: kina uzito gani kwa ukubwa wake? Swali hili hukipima kipande chote, ngozi na moyo. Lakini nalo lina adui mmoja. Metali iitwayo tungsteni ni nzito kuliko maji kwa mara 19.25, ikikaribia kabisa 19.3 ya dhahabu. Tungsteni iliyovikwa dhahabu yaweza kuidanganya mizani. Dawa yake ni kukikata kipande au kukitoboa, kisha kuyapima matumbo yake kwa eksirei.

Kwa hiyo basi, hakuna kipimo kimoja kinachotosha. Vikiungana vitatu, na kipande kikakatwa, uongo hukosa mahali pa kujificha.

KIPIMO CHA JIKONI

Eksirei haipatikani jikoni, lakini swali la tatu laweza kuulizwa hapo. Inahitajika mizani ya betri isomayo sehemu za kumi za gramu, bilauri ya maji, na uzi mwembamba.

Kwanza pima kipande kikiwa kikavu, uandike uzito wake. Kisha weka bilauri ya maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Funga kipande kwa uzi, kining'inize ndani ya maji hadi kizame chote, bila ya kugusa chini wala pembeni. Mizani itaonyesha namba mpya. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo.

Chukulia kipande cha gramu 57. Kikiwa dhahabu safi, mizani itaonyesha kama 3, na 57 ukigawanya kwa 3 unapata 19. Kikiwa risasi, mizani itaonyesha kama 5, na jibu huwa 11. Kikiwa shaba ya manjano, itaonyesha karibu 6.7, na jibu huwa 8 na nusu. Yafaa ikumbukwe kwamba dhahabu itokayo shimoni mara nyingi imechanganyika na fedha, na kwa hiyo jibu laweza kuwa 16 au 17 bila ya udanganyifu. Lakini hapo si dhahabu safi, na bei yake haiwi ya dhahabu safi. Kipande kidogo cha gramu mbili tatu hakipimiki vema kwa njia hii, kwani kosa dogo la mizani huwa kubwa katika jibu.

Kipimo hiki kinaweza kumfukuza mwongo, lakini hakiwezi kumtakasa mkweli. Jibu likiwa baya, mgeni na asindikizwe mlangoni. Jibu likiwa zuri, safari ya kwenda kwa mpimaji mwenye kibali ndiyo kwanza inaanza.

MAMBO YA KUEPUKWA

Wako wanaoijaribu dhahabu kwa moto katika jiko la nyumbani. Jambo hilo ni hatari kubwa. Wachimbaji wadogo wengi huikusanya dhahabu kwa zebaki, na donge likitiwa moto zebaki hugeuka mvuke usioonekana wala kunusika. Mvuke huo huharibu ubongo, mishipa ya fahamu na figo, na huwadhuru kuliko wote watoto wadogo na mimba iliyo tumboni. Sufuria iliyotumika kwa kazi hiyo isirudi kupikia. Asidi nayo, ambayo wafanyabiashara huitumia kujaribu metali, si kitu cha kuwekwa nyumbani kwenye watoto.

Jambo jingine la kuepukwa ni haraka. Bei ya dhahabu hutangazwa ulimwenguni kote kila siku, na mwenye dhahabu halali hupata mnunuzi wa bei kamili bila ya kupiga hodi usiku. Kwa nini basi ampe mgeni nusu ya mali yake? Tena sheria ya madini ya Uganda ya mwaka 2022 inamtaka afanyaye biashara ya madini awe na leseni. Askari mstaafu anunuaye dhahabu ghafi kwa siri aweza kupoteza kiinua mgongo chake kwanza, na heshima yake baadaye.

KWA WALINZI WA SHERIA

Polisi wa mpakani hukutana na jambo hili kwa upande wa pili. Kipande kimekamatwa, mlalamikaji anasema ni shaba, mshitakiwa anaapa ni dhahabu. Kituoni macho ni yale yale ya nyumbani, na hayawi ushahidi. Kipande na kipimwe uzito mbele ya pande zote mbili, uzito uandikwe, kifungwe, kitiwe muhuri na sahihi, na kila mkono kinamopita uandikwe jina. Upimaji wenyewe ni kazi ya maabara, kama Maabara ya Serikali iliyoko Wandegeya, Kampala, au ile ya idara ya jiolojia na madini iliyoko Entebbe. Mpelelezi na aombe kipimo cha ndani pamoja na cha nje, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa.

Uangalifu huo humlinda mwananchi aliyeibiwa, na humlinda vilevile mchimbaji maskini aliyeleta dhahabu ya kweli akashukiwa bure. Miale haijui cheo, kabila wala upande wa mpaka. Huhesabu safu na kusoma namba, basi.

Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Dhahabu ya kweli haipungui kwa kungoja kesho. Itapimwa leo, itapimwa kesho kutwa, na jibu lake litakuwa lile lile. Kitu kisichoweza kungoja kipimo si haki kiondoke na karo ya watoto. Kwa hiyo mama wa nyumba aulizapo, "Tutajuaje?", asinyamazishwe. Na aongezewe kiti, mizani iletwe, na mgeni aambiwe arudi asubuhi.